Megawati tunazo, mbona giza linaingia?

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uje kuhudumia mikoa ya Kaskazini. Swali likazuka papo hapo kwenye vijiwe vya kahawa na makundi ya WhatsApp: tumejenga Bwawa la Nyerere, kule mto Rufiji, kwa shilingi trilioni 6.5, lina mitambo tisa, megawati 2,115, mwaka jana tuliambiwa umeme umezidi mpaka vituo vingine vikazimwa, leo tunakwenda kununua kwa watu?

Ng'ambo ya Namanga wana swali lao. Tangu usiku wa Agosti 25, 2023, gridi ya Kenya ilipoanguka na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani, wengi wameshikilia moja: si upepo wa Turkana, yale mapangaboi ya kuzalisha umeme karibu na Ziwa Turkana, ndio unaotupotezea stima?

Maswali haya mawili ni ndugu. La kwanza linachukulia kwamba umeme ni suala la kiasi tu, ukitosha taa zinawaka, ukipungua zinazima. La pili linachukulia kwamba umeme wa mafuta na gesi ni wa uhakika na huu mpya wa upepo na jua ni wa kubahatisha. Dhana ya kwanza ina nusu ya ukweli. Ya pili ina robo, nami nitaieleza hiyo robo bila kuificha.

Giza lina aina tatu

Mtu akisema "umeme umekatika" huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu yasiyofanana.

Kuna la mtaani: nguzo imeoza, tawi la mwembe limeangukia waya, transfoma imezidiwa. Hili ndilo linalotusumbua mara nyingi kuliko yote, na halijali kama umeme wenyewe umetoka kwenye maji, gesi au upepo. Fundi akija na ngazi yake, limekwisha.

Kuna mgao. Hapo umeme haupo wa kutosha kweli, kwa hiyo wakubwa wanapanga ratiba nani akae gizani saa ngapi. Watanzania waliuonja mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, pengo likiwa limefikia takriban megawati 400.

Halafu kuna kuporomoka kwa gridi. Hapa mitambo ni mizima, maji yamejaa, gesi ipo, lakini ndani ya sekunde chache nchi nzima inazimika. Hili la tatu ndilo linalochanganya watu, kwa sababu linaweza kutokea siku ambayo umeme ni mwingi kupita mahitaji.

Gridi yenyewe ni vituo vya kuzalisha umeme, laini kubwa za kuusafirisha, vituo vya kupoza umeme na waya za mitaani, vyote vimefungwa pamoja mpaka vimekuwa mashine moja. Nasema mashine moja kwa maana halisi ya neno. Jenereta ya maji ya Kidatu, ya gesi ya Kinyerezi na ya Rufiji zinazunguka kwa kufuatana, kana kwamba zimefungwa kwenye ekseli moja. Na mashine hii haina ghala. Mama lishe maharage yakibaki anayapasha kesho, lakini gridi haina kiporo: umeme unaopasha pasi yako sasa hivi umezalishwa sasa hivi.

Cherehani ya kukanyaga

Mfikirie fundi nguo mwenye cherehani ya kukanyaga, ile yenye gurudumu zito la chuma chini ya meza na mkanda unaopanda juu. Anashona kitambaa chepesi, mguu unakwenda taratibu. Ghafla sindano inafika kwenye pindo la jinzi.

Gurudumu halisimami papo hapo. Uzito wake unaisukuma sindano ivuke, ingawa mwendo unapungua kidogo. Fundi anaisikia tofauti mguuni, anaongeza nguvu. Pindo likiwa nene kupita kiasi, anaachia kabla sindano haijavunjika.

Gridi inafanya hayohayo. Mwendo wake ni mapigo 50 kwa sekunde, na ndivyo ilivyo Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia. Matumizi yakizidi uzalishaji, mapigo yanashuka. Uzalishaji ukizidi, yanapanda. Wataalamu kwenye chumba cha kuongozea gridi wanayakodolea macho mapigo hayo usiku na mchana, kama daktari anavyoshika kifundo cha mkono wa mgonjwa.

Gurudumu la gridi ni mitambo yenyewe: tani kwa tani za chuma zinazozunguka kwenye vituo vya maji, gesi na mvuke wa ardhini. Mtambo mmoja ukijitoa ghafla, uzito wa mingine unawapa watu sekunde chache za kupumua. Mguu wa fundi ni akiba, yaani mitambo inayozunguka bila kutoa nguvu zake zote, ikisubiri kuitwa. Na kule kuachia ni vifaa vinavyokata mitaa kadhaa vyenyewe pale mapigo yanaposhuka chini ya kiwango, ili wengine wasalimike. Mtaa wako ukizimika ghafla ilhali wa pili unawaka, huenda umekatwa ili mji mzima usizime.

Hatua zote hizo zikishindwa, mitambo inaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine kujilinda isivunjike. Kila unaojitoa unawaachia wenzake mzigo mzito zaidi. Kuanzia hapo ni sekunde tu.

Sasa ile robo ya ukweli. Paneli ya jua haina gurudumu. Pangaboi la upepo linalo, tena kubwa, lakini mitambo mingi ya kisasa inaungana na gridi kupitia vifaa vya kielektroniki, kwa hiyo uzito wa pangaboi hauingii moja kwa moja kwenye ule mzunguko wa pamoja. Ukijaza gridi jua na upepo bila kufidia, umempa fundi cherehani yenye gurudumu la plastiki. Inashona vizuri tu, mpaka sindano ikutane na jinzi.

Robo tatu iliyobaki ni hii: umeme safi haumaanishi jua na upepo peke yake. Kenya inapata takriban sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kutoka vyanzo visivyo vya mafuta, na karibu nusu yote ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, mitambo mizito inayozunguka mchana na usiku bila kuuliza mvua wala mawingu. Bwawa la Nyerere nalo ni safi na ni zito. Anayesema gridi zetu zinaanguka kwa sababu tumekimbilia umeme safi ana kazi ya kueleza habari ya tumbili.

Tumbili wa Gitaru

Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajitoa. Mitambo mingine ya pale ikazidiwa, nayo ikajitoa. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikazima. Tumbili alipona.

Gitaru ni kituo cha maji, na wakati ule umeme wa upepo wa Turkana ulikuwa haujaingia kwenye gridi. Kilichoangusha nchi ni kwamba kipande kimoja kilikuwa kikubwa mno ukikilinganisha na gridi nzima, na akiba ya kukiziba haikuwa tayari.

Chukua kipimo hicho uende nacho Turkana. Mashamba hayo ya upepo, yaliyo Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, yana mapangaboi 365 na uwezo wa megawati 310. Umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 kwenye laini moja hadi kituo cha Suswa. Asubuhi ya Septemba 6, 2024, laini hiyo ilijitoa pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara laini ya kutoka Ethiopia, iliyokuwa ikileta 200, nayo ikajitoa. Jumla 488, wakati nchi nzima ilikuwa ikitumia 1,790. Ni kama watu wanne wanaochangia kodi ya nyumba, halafu mmoja anaondoka alfajiri bila kuaga.

Tazama kilichotangulia kuondoka: laini. Upepo asubuhi ile ulikuwa unavuma vizuri, ndiyo maana megawati zilikuwa 288.

Giza la Agosti 2023 lina utata zaidi. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Turkana. Wenye mradi wakajibu kwamba volteji kwenye gridi ilipanda kupita kiasi na mitambo yao ikajitoa ili kujilinda. Kuku na yai. Sitajifanya hakimu, ila naweza kueleza kwa nini maneno ya upande wa pili yanawezekana. Laini ndefu ya volteji kubwa ikibeba umeme mchache ina tabia ya kupandisha volteji yenyewe, kama mabomba ya maji usiku: watu wamefunga koki, presha inapanda, asubuhi unakuta kiungo kinavuja. Usiku ukisonga matumizi ya umeme yanashuka, na laini zetu ni ndefu kwa sababu upepo, mvuke na maporomoko havikuumbwa karibu na miji.

Wahandisi wana kanuni ya zamani: gridi ipangwe hivi kwamba ikipoteza kipande chake kikubwa kuliko vyote, isianguke. Gridi ya bara la Ulaya imejiandaa kupoteza megawati 3,000 kwa mkupuo, ambazo ni kama asilimia 1 ya umeme inaotumia. Sisi je? Mtambo mmoja tu kati ya tisa ya Nyerere ni megawati 235, na mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu ya Tanzania yalikuwa bado chini ya 2,000. Mtambo mmoja ukikohoa, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi inayumba. Gridi ya Tanzania ilianguka Aprili 2024, wiki chache baada ya mtambo wa kwanza wa Rufiji kuanza kazi. Sisemi mtambo huo ndio uliosababisha. Nasema mashine zenye ukubwa ule zinahitaji akiba na laini za kulingana nazo, na kwenye hotuba za uzinduzi sikumbuki kusikia habari za akiba. Megawati ndizo zinazopigiwa makofi.

Kutoka Rufiji hadi Arusha

Turudi kwenye swali la kijiweni. Umeme wa Rufiji unapanda laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Kuanzia hapo kwenda Kaskazini, njia ya siku zote ni laini kongwe ya kilovolti 132 inayopitia Hale na Same hadi Moshi na Arusha. Njia nyingine inazunguka kwa Iringa, Dodoma na Singida, kisha inarudi Arusha kwa upande wa Babati.

Waya unaobeba umeme unapata joto, na joto hilo ni umeme uliokwisha kulipiwa ukipotelea angani juu ya mashamba ya katani. Dawa yake ni kupandisha volteji: nguvu ileile ikisafirishwa kwa volteji mara tatu zaidi, upotevu njiani unashuka mara tisa. Kutoka 132 hadi 400 ni mara tatu. Ndiyo maana Serikali ilitaja hasara ya kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa mikoa ile. Na hata ukiukubali upotevu, laini ndogo ina kikomo. Kama bomba la inchi moja, tenki likiwa kubwa kiasi gani, yanayotoka ni ya inchi moja. Mkazi wa Rombo anaweza kukaa na umeme hafifu, friji inalia na balbu inafifia, huku Rufiji maji yakimwagwa bila kupita kwenye mtambo.

Wakati huohuo, tangu Desemba 2024 Arusha imeunganishwa na Isinya, Kenya, kwa laini mpya ya kilovolti 400 inayoendelea hadi Singida, yenye uwezo wa kupitisha megawati 2,000. Kwa Arusha, mpaka wa Namanga uko karibu mno kuliko Rufiji. Kununua upande ule na kuuza upande mwingine ni hesabu ya muuza mchele: mwenye shamba Kyela anaweza kuuza wake Mbeya, na nduguye aliyeko Tanga akanunua wa Korogwe. Hakuna anayemcheka.

Na tusidhani kuna umeme wenye chapa ya Ethiopia utakaofika Arusha ukijitambulisha. Kinachonunuliwa ni mizani: Ethiopia inatia kiasi fulani, Arusha inatoa kiasi hicho, Kenya inapitisha na kulipwa ushuru wa njia. Kesho Tanzania ikiwa na ziada, mkondo unageuka kwenye waya zilezile.

Hapa kuna jambo moja la kifundi ambalo silipiti kwa sababu linazaa uvumi. Laini ya Ethiopia hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, inabeba umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri, si ule wa mapigo. Pale Suswa unabadilishwa kuwa wa mapigo, kama mtu anavyobadilisha birr kuwa shilingi. Kwa hiyo mapigo ya Ethiopia yakiyumba, Kenya haiyumbi nayo moja kwa moja. Lakini pia uzito wa mitambo ya Ethiopia hauisaidii Kenya. Laini ya Isinya hadi Arusha ni tofauti, yenyewe inafunga mapigo ya nchi hizi mbili pamoja. Tangu ilipowashwa, Olkaria na Rufiji ni sehemu za gurudumu moja. Kipande cha megawati 235 kikipotea kwenye gurudumu la nchi mbili au tatu, kishindo chake ni kidogo kuliko kwenye la nchi moja.

Kuungana kuna hofu yake

Anayeogopa kumtegemea jirani haogopi kivuli. Waulize watu wa Unguja. Desemba 2009 kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka Bara ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa bila umeme miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mwaka 2008, walikuwa wamekaa gizani karibu mwezi mzima. Kebo ilikuwa moja tu. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilikuja kulazwa mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Somo la Unguja linahusu idadi ya waya kuliko ujirani. Mwenye waya moja ana bwana mmoja. Mwenye jirani watatu na mitambo yake mwenyewe ana pa kukimbilia. Lakini kweli, ugonjwa unaambukiza pia. Aprili 28, 2025, volteji ilipopanda bila kudhibitiwa nchini Uhispania, Ureno iliyofungwa nayo gridi moja ilianguka siku hiyohiyo. Na walipoanza kuinuka, umeme wa kuwashika mkono Uhispania ulitoka Ufaransa na Morocco, kupitia laini zilezile za kuunganisha nchi. Ukitaka faida na hasara ya kuungana kwa mfano mmoja, ni huo.

Ndiyo sababu EAPP, jumuiya ya kuunganisha umeme ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye makao Addis Ababa, inahangaika na kanuni za pamoja: kila nchi ibaki na akiba kiasi gani, nani akate wateja wake kwanza mapigo yakishuka. Habari za kuchosha, hazipigiwi ngoma, lakini bila hizo waya peke yake ni mtego.

Saa moja usiku

Jua la huku kwetu lina adabu ya ajabu. Mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, bila kusuasua kama la Ulaya wakati wa kiangazi. Na muda huohuo ndipo tunaporudi nyumbani: taa, televisheni, pasi, na sasa majiko ya umeme. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya watu wapike kwa nishati safi. Kila nyumba inayoacha mkaa ikachukua jiko la umeme inaongeza mzigo kwenye saa zilezile za magharibi. Kwa hiyo paneli za jua zinatoka kazini wakati hasa kazi inaanza.

Betri kubwa zinasaidia. Australia Kusini ilifunga ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017, na sifa yake kubwa imekuwa kuruka kuokoa mapigo kwa kasi ambayo mtambo wa gesi hauiwezi, kuliko kuwasha taa za watu usiku kucha. Vifaa vya kielektroniki, vile vilivyolaumiwa hapo juu kwa kukosa gurudumu, vikipangwa vizuri vinaweza kuigiza gurudumu.

Lakini Tanzania ina betri ambayo hatuiiti betri. Bwawa la Nyerere linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mchana jua likiwaka Kishapu, Shinyanga, ambako kumepangwa mradi wa megawati 150, unaweza kufunga milango ya maji Rufiji; magharibi unaifungua. Maji uliyoyabakiza ndiyo jua la mchana ulilolitunza. Kenya haina bahati hiyo kwa kiasi hicho: usiku wa manane matumizi yakishuka, mvuke wa Olkaria unaachiwa hewani, na mapangaboi ya Turkana yanaambiwa yapunguze, ingawa usiku ndipo upepo wa kule unapovuma vizuri. Huo mvuke unaopotea Naivasha usiku wa manane ungeweza kuwa akiba ya maji Rufiji. Jambo hilo linawezekana tu kwa laini ya Isinya.

Mawili ya mtaani

"Mimi nina solar juu ya paa, gridi ikianguka hainihusu." Inategemea. Kama paneli zako zimeunganishwa na gridi bila betri, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa mapigo, itajizima gridi ikizima, hata jua la saa sita likiwaka. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili fundi aliyepanda nguzo akidhani waya ni mfu asikutane na umeme wa paa lako. Ukitaka taa siku ya giza, unahitaji betri na kifaa cha kuitenga nyumba yako na gridi. Muulize anayekufungia kabla hujamlipa.

"Wanarudisha umeme kwa upendeleo, kwa wakubwa kwanza." Gridi iliyoanguka haiwashwi kama taa. Vituo vingi vinahitaji umeme ili vianze kuzalisha umeme: pampu, mafeni, vifaa vya kuongozea. Vya maji ndivyo rahisi kuamsha gizani, jenereta ndogo ya dizeli inatosha kufungua milango. Kutoka hapo unawasha laini moja, unaipa mtaa kidogo ili isipandishe volteji, unaamsha kituo cha pili, unalinganisha mapigo yao, unaongeza mtaa mwingine. Ukiharakisha, inaanguka tena na unaanza upya. Walio karibu na mabwawa wanaona taa mapema. Hospitali zinatangulizwa, ndiyo. Kwamba hakuna mkubwa hata mmoja anayepiga simu, hilo sitaliapia.

Mwaka ambao mvua iligawanyika

Mfano unaoniuma zaidi ni wa 2024. El Niño ina desturi ya kutumwagia mvua sisi wa Afrika Mashariki na kuwanyima walio kusini. Msimu ule ilitenda hivyohivyo. Februari 29, 2024, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Nchi ile inategemea maji kwa sehemu kubwa sana ya umeme wake, na ziwa Kariba likashuka mpaka watu wakawa wanakaa gizani sehemu kubwa ya siku. Mwezi uliofuata, Machi, Tanzania ilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji.

Nchi mbili zinazopakana pale Tunduma, moja inamwaga, nyingine inalia, na hakukuwa na laini kubwa kati yao. Ile ya kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi mpakani ilikuwa bado inajengwa. Hilo ndilo jibu langu kwa anayesema bwawa letu linatutosha. Bwawa lolote linatosha mpaka mwaka ambao mvua inakwenda kwa jirani, na Watanzania waliokaa kwenye mgao wa 2022 wakati mabwawa yakiwa matupu wanaujua mwaka huo.

Nani analipa? Mtambo wa Rufiji ukizungushwa kwa nusu nguvu ili uwe tayari, megawati zaidi ya 100 hazijauzwa siku hiyo. Laini ya pili iliyojengwa ili ya kwanza ikikatika watu wasizime inaweza kukaa miezi bila kubeba mzigo wake. Mkaguzi wa hesabu akipita anaweza kuandika kwamba mali imekaa bure. Risiti yako ya LUKU inaonyesha VAT, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), ya REA (wakala wa umeme vijijini) na kodi ya jengo, kila moja kwenye mstari wake. Akiba haina mstari. Imo ndani ya bei ya yuniti, kwa kiasi ambacho hatujawahi kuulizwa kama tunakitaka kiongezwe au kipunguzwe.